Mita Mbili kutoka kwa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Nimemeza mionzi! Kwa hiari yangu, na maji juu yake. Daktari anasema tezi ya shingoni mwangu inafanya kazi kupita kiasi, ndiyo maana moyo unakimbia nami nimekaa, na mikono inatetemeka. Fundi cherehani asiyeweza kutunga uzi kwenye sindano! Juzi nilimshonea mwalimu wa kwaya suruali: mguu mmoja ulifika kifundoni, mwingine ukaishia njiani.

Mama wa chumba cha mionzi alitoa kidonge kwenye kopo la madini ya risasi kwa koleo. Koleo! Mimi nimeze, yeye hataki hata kukigusa. Akanieleza taratibu. Kila kitu ni atomi. Katikati ya atomi kuna kiini chenye protoni na nyutroni, nje zinazunguka elektroni. Iodini ya kawaida kiini chake kimetulia. Hii ya kidonge ina nyutroni nne za ziada, haina raha, lazima iteme kitu ndipo itulie. Tezi hupenda iodini, itaifyonza, kisha mionzi ya beta itaiunguza tezi kwa ndani bila kusafiri hata upana wa kifungo cha shati. Ya gama ndiyo inayotoka hadi nje. Kwa hiyo siku tano nilale peke yangu, nikae mita mbili mbali na watu, ninywe maji mengi, nivute maji ya choo mara mbili.

Nilirudi nyumbani nikicheka. Shemeji! Kaka wa mke wangu, mpaka rangi wa majumba, alikuja kwa siku mbili. Hii ni wiki ya tatu, na kiti changu mbele ya televisheni kimeshachukua umbo lake. Kumbe dawa yake nimeimeza mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimetangaza mita ishirini. Sebule nzima yangu! Wao wamehamishia chakula uani.

Nimetazama mpira peke yangu. Timu yangu ikafunga bao la kichwa. Nikageuka kumwonyesha mtu. Kochi tupu. Huko nje wanacheka. Mke wangu ni mwalimu wa sayansi sekondari. Alikuwa anamchorea kaka yake atomi mchangani kwa kijiti, na shemeji anauliza maswali kama mwanafunzi wa mbele. Nikasogea dirishani nisikie na mimi.

"Mita ishirini, baba watoto," mke wangu akasema bila kugeuka. "Rudi ulikotoka."

Alijua! Tangu jana alijua ni mbili.

Jumatano, 5 Machi
Nimegundua jambo kubwa. Mke wangu anasema kila siku nane, nusu ya atomi hizi hutema mionzi yake na kuisha. Siku nane nyingine, nusu ya zilizobaki. Nusu ya nusu! Nikapiga hesabu mpaka nyuma ya daftari. Haziishi! Nikatangaza kupitia mlango kwamba, kwa usalama wa familia, sitaosha vyombo tena maishani.

Jibu likaja kupitia mlango huohuo: nyingine zinatoka na mkojo, niendelee kunywa maji. Zamu yangu ya vyombo ni Jumapili.

Shemeji ameniwekea jagi la maji mlangoni. Ametia vipande vya limau. Sikumwomba.

Alhamisi, 6 Machi
Majoho ishirini ya kwaya yanatakiwa Jumapili. Sijakata hata moja na sijamwambia mtu. Asubuhi nikapata wazo. Nikampigia mwalimu wa kwaya: majoho yako tayari, mazuri ajabu, ila niliyashika, yameingia mionzi, hayawezi kutoka dukani mwezi mzima. Werevu mtupu!

Saa kumi jioni mke wangu akarudi na habari. Watu wanavuka barabara wasipite mbele ya duka langu. Muuza mboga wa jirani amehamisha meza yake. Mwenye jengo anataka nihame kabisa. Duka la miaka kumi na saba! Moyo ukakimbia, na safari hii si tezi.

Nikakiri yote kupitia mlango. Kisha shemeji akauliza funguo za duka ziko wapi.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu amenisimulia. Shemeji alifungua duka, akakaa kwenye cherehani yangu mbele ya macho ya mtaa mzima, akanywa chai. Watu wakajaa, ila mbali. Akawauliza:

"Ukimulikwa na tochi, unageuka tochi?"

Wakasema hapana.

"Basi nguo ikipigwa na gama haigeuki mionzi. Na fundi hajakanyaga hapa tangu ameze dawa. Majoho hayajaharibika. Hayajakatwa! Nakata leo."

Na akakata. Kumbe aliwahi kuwa mkataji miaka miwili kwenye kiwanda cha sare. Wiki tatu amelala kwenye kochi langu, sijawahi kumuuliza chochote ila ataondoka lini. Mke wangu akitoka shuleni anakwenda kushona.

Muuza mboga amerudisha meza. Mwenye jengo amenyamaza. Nimelia kidogo. Nimevuta maji mara mbili ili wasisikie.

Jumapili, 9 Machi
Niko huru! Majoho ishirini yameimba. Nilisimama nyuma kabisa, nikimtazama shemeji akitazama mishono. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili inayotetemeka, nikasema asante, hotuba ikaishia hapo.

"Si kitu, shemeji," akasema. "Ulikuwa unaumwa."

Nimeosha vyombo vyote. Hata sufuria.

Ijumaa, 25 Aprili
Uzi umepita tundu la sindano mara ya kwanza! Mkono umetulia kama meza. Nilikaa nikaitazama sindano ile hadi mteja akadhani nasali. Labda nilikuwa nasali. Asante yule mama wa koleo. Asante nyutroni nne zisizo na raha. Asante mke wangu, uliyenipenda kutoka mita ishirini.

Shemeji amepata kazi, ameondoka. Kiti changu nimerudishiwa, na sebule imekuwa kubwa mno.

Ninamshonea suti ya shukrani. Kwa moyo wote, bila hila yoyote. Kitambaa kimepelea mgongoni, nimeunga kipande cha pazia la bafuni. Nitamwambia ni kitambaa maalumu cha kuzuia gama. Mpaka rangi yule. Atajuaje?