Ombi la Gemu ya Kizazi cha Tisa Kuiamkia ya Kizazi cha Sita

Banda la Gemu la Alphonce,
Karibu na Stesheni, Manyoni.

Ndugu Mwenyekiti wa Kitongoji, Mama Redempta,

Shikamoo. Naandika kwa heshima na kwa uchungu kuhusu utovu wa adabu wa mashine ya gemu ya jirani yangu Klara.

1. Mwezi uliopita Klara alishuka na basi la Dodoma, mashine mpya kaipakata kama mtoto mchanga. Toka hapo vijana wote wamehamia kwake. Wakipita mlangoni kwangu wanaipigia kelele mashine yangu, "Shikamoo, bibi!" Wanatania, Mama, lakini wamesema kweli.

2. Wajuzi wa gemu huzipanga mashine kwa vizazi. Yangu ni ya kizazi cha sita, ya Klara cha tisa. Hesabu mwenyewe: cha saba ni mtoto, cha nane mjukuu, cha tisa kitukuu. Ni ukoo gani, wa Kigogo au wa Kinyaturu, ambamo kitukuu humfungisha mzee wake duka? Nilikwenda nikamwomba Klara kistaarabu ailete mashine yake iamkie. Akanijibu mbele za watu, "Kaka Alphonce, mtoto bado hajaanza kuongea." Siku hiyo sikula.

3. Mashine za kizazi kimoja nazo hazipatani. Gemu ya hii haiingii kwenye ile, zinachukiana kama wake wenza. Hayo niliyavumilia, mke mwenza ni wa rika lako. Lakini kushindwa na kitukuu? Mteja niliyebaki naye ni Mzee Ezekieli, mstaafu wa reli, ambaye husinzia mechi ikiwa katikati.

4. Sasa nasikia kizazi cha kumi kiko njiani, na cha sita bado kinapumua! Naomba kitongoji kipitishe sheria: kizazi kipya kisiingie Manyoni kabla kilichotangulia hakijazikwa na matanga kuanuliwa. Kwa sasa, umeme ukipungua, ya Klara izimwe kwanza. Mtoto hulala mapema.

Nisalimie baba watoto, wajumbe wako wote, na mama mkwe aliyekuwa anaumwa goti.

Mtiifu wako,
Alphonce,
Mlezi wa Kizazi cha Sita.

N.B. Tafadhali kikao kisiwe Jumamosi. Siku hiyo kuna nusu fainali ya gemu ya mpira kwa Klara, na mimi nimeingia. Mama, kwenye mashine ile upepo ukivuma nyasi za uwanja zinainama. Nimeziona kwa macho yangu.