Mzimu Wetu Umeachishwa Kazi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Kuandikisha Wagonjwa wa Saratani, Apia.

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani mwako. Mimi ni Lauvao Penitoa, mkuu wa ukoo, huku kisiwani Savaii. Naandika kwa adabu, ila moyo umenifura.

1. Mwezi wa Mei alikuja mfanyakazi wako, Bi Malaefou. Akaketi mkekani, akanywa kakao yetu akashiba, ndipo akauliza mdogo wangu Iosua alikufa kwa nini. Nikamweleza kwamba alipigwa na mzimu wa kisimani. Ni kifo cha heshima. Naye, kwa upole wa kuudhi: "Mzee, huo mzimu ulimvimbisha tumbo? Na macho yakawa manjano?" Nikakiri. Akaandika saratani ya ini.

2. Akaenda kwa majirani. Kote mzimu, kote tumbo, kote macho. Kabla ya jua kutua, kijiji kizima kikajua kwamba kinamalizwa na ugonjwa mmoja. Mzimu uliotutumikia tangu enzi za babu ukakosa kazi siku hiyohiyo. Mjane wa Iosua alilia upya, kisha akanijia: "Shemeji, kumbe si kwa sababu nilifua kisimani Jumapili." Miaka yote alikuwa akijilaumu, nami nisijue. Hili si lalamiko, limejiingiza tu.

3. Kwa sababu ya hesabu zenu wakaja wauguzi na sindano kupima damu. Mimi, ambaye kwenye baraza hunywa kava, kinywaji chetu cha heshima, kabla ya wengine, nilipangwa foleni nyuma ya muuza ndizi! Wakanikuta na kirusi cha homa ya ini, kile kinachoweza kuzaa saratani hiyo. Sasa kila asubuhi nameza kidonge mbele ya mke wangu, naye hunikagua hadi chini ya ulimi.

4. Bia nimekatazwa. Sina la kuongeza hapo.

Kwa hiyo naomba mtufute katika rejista yenu, mturudishie mzimu wetu, tufe kwa utaratibu tuliouzoea.

Nisalimie wauguzi wote, hata yule wa sindano. Mke wangu anakusalimu. Hajui nimeandika nini.

Wako mwenye hasira na heshima,
Lauvao Penitoa

Tanbihi: Usifute kwanza. Dada yangu Fuatino, ng'ambo ya mto, amekonda na anasema ni mzimu. Amemkatalia daktari, amemkatalia mchungaji, mimi ndiyo kabisa. Mtume Bi Malaefou upesi, tafadhali. Kwa mdomo dada anasema hataki kumwona, lakini tangu jana ametandika mkeka wa wageni.