Kitako Kando ya Mfalme

Jumatatu, 27 Januari 1986

Leo nimeulizwa maana ya jina langu. Mkosi mtupu!

Ilikuwa mkahawani kwa Bwana Lau, babake mpenzi wangu Suk-yin. Mara yangu ya kwanza kukaribishwa meza ya familia. Bibi, mama mzazi wa Bwana Lau, alinikagua tangu unyweleni hadi viatuni. Bwana Lau akaanza habari za ukoo. Lau, akasema, lilikalia kiti cha enzi cha Uchina miaka mia nne. Mia nne! Kisha akamgeukia Raymond, yule muuza mafuta ya kukaangia ambaye haishi kuja “kuangalia mapipa” kila Suk-yin anapokuwepo. Na wewe, jina lako lina maana gani? Raymond akainamisha macho kwa unyenyekevu wa uongo. King, akasema. Mfalme. Bwana Lau akamwekea paja la bata.

Ikafika zamu yangu. Clive Sidebottom. Ukilisikia tu, ni Makalio Upande. Shuleni niliulizwa upande upi kila siku ya Mungu.

Nilifungua mdomo na uongo ukatoka wenyewe. Nikasema zamani za kale babu yetu alikaa kitako kando ya mfalme. Mshauri mkuu! Ndiyo asili ya jina. Bwana Lau akatikisa kichwa kwa heshima, akanipa paja la pili. Raymond akauliza mfalme yupi huyo. Nikasema wale wa mwanzo mwanzo.

Baba akijua, nimekwisha. Yeye hutangaza ukweli baa nzima, hata asipoulizwa: “bottom” ya wazee wetu si makalio, ni bonde, Sidebottom ni bonde pana, na sisi tulikuwa wachunga kondoo humo. Bonde! Afadhali makalio.

Jumatano, 29 Januari

Siku nzima dukani, nimekaa juu ya mazulia nisiyoyauza, nikiwaza majina. Sisi Waingereza tumepatikana kweli. Mhunzi, Mwokaji, Fundi Cherehani, Kilima, Mwana wa John. Ni kama karani alipita kijijini asubuhi moja akamwita kila mtu kwa kitu alichoshika au mahali aliposimama. Wenzetu Wachina wanaitwa kwa falme za kale na vyeo vya ikulu. Tena wao hutanguliza ukoo, mtu anafuata nyuma. Sisi mtu anatangulia, ukoo unaburutwa nyuma kama mkia.

Suk-yin, ambaye kazi yake ni kupima watu macho, amesema nisimwogope Raymond. Ati akina King wengi, babu zao walicheza tu mfalme kwenye maigizo ya kijijini. Nilicheka hadi nikateleza kwenye zulia. Halafu akauliza: na hilo lako la kitako kando ya mfalme, ni kweli? Kweli tupu, nikasema. Akanitazama vile anavyomtazama mteja anayedai anaona herufi za mstari wa chini kabisa.

Lakini akasema jambo la maana sana. Kwao mwanamke akiolewa habadili jina. Mama yake bado ni Tang mpaka leo. Hapo taa ikawaka kichwani! Kwetu mume na mke huwa jina moja. Yeye hawezi kuchukua langu (na nani mwenye akili zake angelitaka?). Basi mimi nitachukua lake! Nitakuwa mtu wa kiti cha enzi bila kutoka Manchester. Bwana Lau atalia machozi.

Jumamosi, 1 Februari

Tayari! Nimeapa mbele ya wakili. Clive Lau. Wakili aliuliza kama nimefikiria vizuri. Hawa mawakili wana maswali.

Sijamwambia mtu. Nitatoboa usiku wa mwaka mpya wao, mezani, Raymond akiwepo.

Jioni Bwana Lau alinipeleka ukumbini kwa chama cha koo zao kunionyesha picha za mashujaa wanne wa kale. Lau, Cheung, Chiu, na mmoja mwenye uso mwekundu na ndevu hadi tumboni, Kwan. Akasema hawa walichanjiana, wakawa ndugu, na hadi leo watoto wa koo hizo nne ni ndugu sijui wa namna gani, hawaruhusiwi sijui nini. Sikushika yote. Kupitia dirishani nilimwona Raymond akimbebea Suk-yin mkoba.

Mwisho Bwana Lau akasema nimlete baba yangu siku ya karamu. Anataka kumsikia mwenyewe habari za yule mshauri wa mfalme.

Jumapili, 9 Februari

Niandike haraka kabla sijazimia.

Nilimwomba Baba azungumzie hali ya hewa tu. Alikuja na suti yake ya harusi na liki za bustani yake, vile vitunguu virefu vya majani, amezifunga kwa gazeti, zawadi kwa Bibi. Bibi akazinusa, akazisifu. Kila kitu kilikwenda vizuri hadi samaki. Ndipo Bwana Lau akamjazia chai, akamwomba kwa adabu atusimulie kuhusu babu aliyekaa kando ya mfalme.

Baba alicheka. “Mfalme gani, bwana? Hilo ni bonde! Bonde na kondoo wake. Mfalme angepita kwetu angelowa miguu tu.”

Raymond akaweka chini vijiti vyake apate kufurahi vizuri. Na mimi, badala ya kunyamaza kama mtu mwenye akili, nikasimama na kutoa silaha yangu. Nikasema hayo hayanihusu tena. Mimi si Sidebottom. Tangu wiki iliyopita, kwa sheria ya nchi hii, mimi ni Clive Lau!

Bibi akaomba kutafsiriwa. Akatafsiriwa. Akacheka hadi akashika meza, kisha akaniita mjukuu wake na kunipa bahasha nyekundu ya pesa wanayopewa watoto mwaka mpya. Suk-yin alijifunika uso kwa leso. Bwana Lau hakucheka. “Kijana,” akasema, “Lau na Lau ni damu moja. Umeshakuwa kaka yake. Wewe umeona wapi kaka anamwoa dada?” Raymond alipaliwa na kamba wa kukaanga. Alipigwa mgongoni mara kadhaa, bado anacheka.

Lakini si Raymond anayeninyima usingizi. Ni Baba. Hakufoka. Aliniuliza polepole, “Hata kuniambia, Clive?” Akashukuru kwa chakula, akachukua kofia yake, akaenda kungoja basi la kurudi kwake Stockport kwenye baridi. Sikumfuata. Nilibaki nimesimama na bahasha yangu ya kitoto mkononi. Nimejionea haya jinsi nisivyowahi kamwe. Natamani zulia linifunike.

Jumatatu, 10 Februari

Suk-yin alikuja dukani, hakuketi. Kasema babake hajali bonde hata kidogo, nusu ya ukoo wao walichunga nyati wa kulimia. Kilichomchoma ni kwamba nimemtupa baba yangu mbele za watu ili nipate kusifiwa. Mtu anayetupa jina la babake kama ganda la chungwa, atamshika mkewe kwa mkono gani?

Sharti lake: nikamwombe Baba radhi, nirudie jina langu, kisha Jumapili ya tarehe 23 nije naye kula. Babake amekubali kunisikiliza mara hii moja, na hakuna nyingine. Nikamwuliza kama bado ananipenda. Akasema mpaka tarehe 23 yeye ni dada yangu, na dada haulizwi maswali hayo. Aliondoka. Nilimwuzia mteja zulia la kijani akiwa ameomba jekundu.

Jumamosi, 15 Februari

Nimekwenda kwa Baba. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu, nikaishia kusema nisamehe tu, pua inatiririka. Akanipa leso na koleo, tukachimba liki pamoja.

Kisha akanipeleka kuliona bonde lenyewe. Sikuwahi kwenda. Mvua ya kunyunyiza, ukuta wa mawe, kondoo mmoja mchafu aliyenitazama kama ananidai. Baba akasema babake alimsimamisha palepale alipokuwa mdogo, akamwonyesha. Akavua kofia mvuani. “Si bonde baya,” akasema. Nililia kabisa, bila kuficha. Miaka thelathini na minne nimemwonea aibu mtu huyu, na yeye kosa lake ni kunipa bonde zima. Nimemwahidi nitarudi Sidebottom. Nimeapa kutodanganya wala kubuni mbinu tena. Nimekuwa mtu mpya!

Ijumaa, 21 Februari

Leo kwa wakili kurudisha jina. Nilikuwa na nia safi kabisa. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na mimi nikipewa kiti na muda, nafikiri.

Kurudi Sidebottom kavu kavu, Raymond akiwa bado Mfalme? Baada ya fedheha ile yote? Hapana. Nikatafuta njia ya kumridhisha kila mtu. Baba abaki na bonde lake. Bwana Lau apate mkwe mwenye jina la heshima kwao. Sharti tu lisiwe Lau, maana Lau ndilo lililoniponza. Nimejifunza!

Nikamkumbuka yule shujaa wa uso mwekundu ukumbini. Clive Sidebottom-Kwan. Lilivyokaa vizuri! Wakili aliuliza kama nimefikiria. Nikamwambia safari hii, sana.

Baba sijamwambia. Nitawashtukiza wote pamoja keshokutwa, mezani. Nimejaribu kukumbuka Bwana Lau alisema nini hasa kuhusu huyo Kwan na Lau wa kale. Ni kwamba walipendana mno. Kama ndugu, nadhani alisema. Dalili njema kabisa.