Unga Upi Utaua Viroboto Kabla Mjukuu Hajafika

Jumatatu, 3 Machi

Nimekuwa babu! Namshukuru Mungu, nawashukuru wakunga, namshukuru hata yule mlinzi wa hospitali aliyenizuia mlangoni kwa sababu ya viatu vyangu vya matope. Mjukuu ni wa kike. Ana sauti ya kutosha. Niliisikia kwenye simu bila kuweka simu sikioni. Binti yetu atakuja naye Jumapili, apumzike kwetu mpaka apate nguvu.

Kisha nikarudi nyumbani, nikavua viatu sebuleni. Kiroboto kwenye soksi. Na mwenzake. Na ukoo mzima.

Chanzo nakijua. Ni Kamishna, paka niliyemwomba kwa muuza nyama aje atumalizie panya. Panya kawamaliza, sina lawama naye. Ila alikuja na wageni wake.

Nilipendekeza tunyamaze. Mama watoto hajui kumnyamazia binti yake. Alimweleza yote kwenye simu. Binti akasema mtoto mchanga halazwi na viroboto. Jumamosi mjomba wake atapita kukagua. Akikuta hata mmoja, mtoto anaenda kwa bibi wa upande wa pili. Yule mwenye nyumba ya vigae. Yule ambaye kila tukikutana ananiuliza kama bado nanyoa watu. Ndiyo, bado nanyoa.

Mjomba mtu ndiye shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Mtu wa kujua kila kitu. Amesema atakuja na soksi nyeupe, maana kiroboto hawezi kujificha kwenye soksi nyeupe. Nilimshukuru kwa kujitolea. Ilinibidi nimeze mate kwanza.

Jumanne, 4 Machi

Nimefunga kibanda changu cha kinyozi mapema, nikaenda duka la dawa za mifugo. Dada wa pale mvumilivu sana. Aliniwekea mezani unga wa aina mbili, zote nyeupe. Wa kwanza wa asili, unatokana na mawe laini yaliyosagwa. Unamkausha kiroboto polepole. Unataka subira, ufagio kila siku, na mashuka kuchemshwa. Wa pili ni wa kemikali. Huo hauna subira na mtu. Lakini usiwekwe anapolala mtoto, paka asiukaribie, mtu ajifunge pua, na usitolewe kamwe kwenye pakiti yake kuwekwa kwenye chombo kingine. Hilo la mwisho alilirudia huku akinitazama machoni. Sijui kwa nini mimi.

Nikaitisha baraza nyumbani. Mama watoto alichagua wa asili, hata hakukaa chini kufikiri. Alisema kuna mtoto anakuja, sumu ya nini, na haraka haraka haina baraka. Shemeji, aliyepita tu kusalimia na akakaa mpaka chakula kikaisha, alisema dawa ya moto ni moto. Kiroboto habembelezwi.

Inaniuma kuandika, lakini kwa mara ya kwanza maishani nilikubaliana na shemeji. Sikumwambia. Nilimwambia mke wangu kwamba wa asili ndio wenyewe. Nikarudi dukani, nikanunua aina zote mbili.

Jumatano, 5 Machi

Mpango! Mama watoto alipokwenda kisimani kwa jirani, nilimwaga unga wa asili wote nyuma ya choo, nikajaza ule wa kemikali kwenye kopo lake. Kopo lile lile, picha ile ile ya jani la kijani. Yeye atapata amani ya moyo, mimi nitapata viroboto waliokufa. Ndoa ni kusaidiana.

Nilinyunyiza chini ya makochi, kwenye pembe, kwenye nyufa za sakafu. Nilisahau kujifunga pua. Nikapiga chafya mpaka miwani ikaruka. Mama watoto aliporudi akanikuta machozi yananitoka, akauliza kulikoni. Nikasema nafikiria mjukuu. Alinitazama kidogo, kisha akasema na yeye pia anamfikiria, akaenda kukusanya nguo za kufua, pamoja na koti langu la kazi. Mwanamke wa namna hii unamshukuru Mungu kila siku.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu amepagawa na usafi. Tangu asubuhi anachemsha mashuka, anakung'uta mapazia, anaanika magodoro juani. Makochi ameyatoa nje. Amepiga deki nyumba nzima ndoo kwa ndoo, mpaka kwenye zile pembe zangu. Dawa yangu yote imekwenda na maji! Kamishna ameogeshwa kwa sabuni, akachanwa kwa chanuo la meno membamba, na sasa yuko juu ya kabati, hataki kuonana na mtu.

Sikuweza kulalamika bila kujifichua. Nilisema tu kwamba unga ungehitaji kuachwa ukae. Alinyoosha mgongo, akasema nyumba ikikauka ninyunyize tena nipendavyo, hata kila chumba. Akaniletea kopo mwenyewe. Niliguswa sana na imani yake.

Nimenyunyiza kila chumba. Cha kushangaza, leo sikupiga chafya hata moja. Mwili umeshaizoea dawa. Naushukuru mwili wangu, haujawahi kuniangusha isipokuwa magoti.

Ijumaa, 7 Machi

Viroboto wanakwisha! Jana nilihesabu wachache, leo nimeona mmoja tu, naye alikuwa anaruka bila moyo. Hii ndiyo kemikali. Kila nikinyunyiza, mke wangu anafagia. Nikinyunyiza tena, anafagia tena. Yeye kachoka, mikono imemchubuka kwa maji ya moto, na kumbe kazi yote inafanywa na kopo langu. Nilimwonea huruma. Nilimchemshia chai.

Shemeji alipita kibandani kwangu kuuliza tumetumia unga gani. Ningeweza kumwambia ukweli akafurahi. Nikasema wa asili mtupu, na viroboto wamekimbia. Alinuna. Akasema tutaona kesho. Nilimshukuru kwa kupita, na safari hii ilitoka moyoni.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya ukaguzi.

Shemeji alikuja na soksi zake nyeupe, zimepigwa pasi. Akatembea sebuleni kwa hatua za bwana harusi. Akaingia jikoni. Akasimama chumbani kwa binti, miguu pamoja, akingoja.  Akainua mguu mmoja, akauchunguza, akainua wa pili. Hakuna. Akapiga magoti akatazama chini ya kitanda. Hakuna. Alisema, kama mtu aliyeng'olewa jino, kwamba mtoto anaweza kuja.

Nilimkumbatia. Hakupenda.

Ndipo mama watoto akaingia na kopo mkononi. Alisema kwa kuwa unga huu wa asili ni mzuri hivi, na hauna madhara, ataunyunyiza kidogo kwenye kigodoro cha mtoto. Kwa usalama tu.

 Nikasema kigodoro kipya hakihitaji. Akasema kidogo tu. Nikasema kitachafuka. Akasema kitapanguswa. Akafungua kifuniko. Nikasema tusubiri Jumatatu. Akainamisha kopo.

Nilijitupa juu ya kigodoro. Kilikuwa kidogo, nilitosha kichwa na kifua. Unga ukanimwagikia usoni. Nikapiga kelele kwamba ni sumu, wasimguse mtoto, ambaye hata hakuwepo. Nikasema yote: kopo, nyuma ya choo, chafya. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na soksi zake, anasikiliza kila neno.

Mama watoto akachovya kidole kwenye kopo, akakilamba.

Sijawahi kuogopa hivyo tangu nizaliwe. Nilimshika mkono nikamwomba ateme. Akasema ateme nini, ni unga wa ngano.

Pakiti tupu ya kemikali aliikuta Jumatano kwenye mfuko wa koti langu la kazi. Sumu iliyobaki kwenye kopo aliifunga vizuri, akairudisha kwa dada wa duka la mifugo. Akapiga deki nyumba nzima kuondoa niliyomwaga. Halafu akaweka ngano kwenye kopo, nipate cha kushika wakati yeye anafanya kazi. Leo alitaka kuona kama ningemwacha anyunyize.

Hakugomba. Ningependa angegomba. Alikaa kitandani akaniuliza, taratibu, ingekuwaje kama asingefua lile koti.  Nililia, na safari hii kweli nilikuwa nafikiria mjukuu. Aliniambia nijifute, nimekuwa kama andazi. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini.

Nimeahidi, mbele ya mashahidi wawili na paka: sumu haitaingia tena nyumba hii.

Jumapili, 9 Machi

Amekuja.

Ni mdogo kuliko nilivyodhani. Nilinawa mikono kama daktari ndipo nikapewa. Akanishika kidole gumba, akakibana, akalala. Sikuthubutu kusogea. Mguu ukafa ganzi, nikauacha ufe. Binti alitazama nyumba, akanusa mashuka, akamkumbatia mama yake kwa muda mrefu. Mimi akanipiga bega. Inatosha, tena imezidi.

Bibi wa upande wa pili alikuja kumwona mtoto. Aliangalia sakafu, akatafuta la kusema, akakosa. Akaniuliza kama bado nanyoa watu. Nikajibu ndiyo kwa furaha kubwa.

Jioni nilimwambia mke wangu ahsante. Nilitaka kuongeza mengi, nikaishia kumpokea ndoo. Alisema amesikia.

Jumatano, 12 Machi

Mjukuu hajambo, ananenepa. Binti hajambo. Viroboto hakuna. Ila nyumba imejaa sisimizi.

Wamefuata ngano. Iko kwenye kila ufa, na nakubali aliyeiweka huko ni mimi, kwa juhudi. Mama watoto amesema ni ufagio na maji tu, siku chache wataondoka, na mtu asilete unga mwingine wowote. Nimemwitikia. Nimefikiria sana, mtoto akilala.

Nimepita duka la mifugo. Kuna dawa ya sisimizi, kali kweli. Ni unga mweupe. Dada wa pale alianza tena ile hotuba yake ya kutoihamisha kwenye pakiti. Niliisikiliza mpaka mwisho, nikamshukuru.

Nyumbani sikuipeleka. Ahadi ni ahadi! Nimeiweka kibandani kwangu, nitakuwa nachota kidogo kidogo kwa ajili ya zile nyufa. Tatizo pakiti ina picha ya fuvu, wateja wangekimbia, kwa hiyo nimeimimina kwenye kopo tupu la poda, ile ninayowapaka shingoni nikimaliza kunyoa. Nimelipanga rafuni na mengine. Yanafanana yote, lakini mimi nalijua.

Kesho mteja wa kwanza ni shemeji. Alinilinda, hakumwambia binti yetu hata neno moja la Jumamosi. Nitamnyoa bure, na poda nitampaka ya kutosha.