Uzinduzi wa Kengele ya Friji la Chanjo

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi, waheshimiwa wakurugenzi, makaimu wakurugenzi na wote wanaosubiri kukaimu, akina mama mliobeba watoto, na dada yetu muuguzi wa zahanati hii, ambaye kila umeme ukikatika hulala sakafuni kando ya friji, akikichungulia kipimajoto ili chanjo zisiharibike, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Muuguzi anapiga miayo.)

Leo nazindua mfumo endeshi mdogo kuliko yote, uliomo ndani ya kisanduku hiki, wa kusoma joto la friji na kupiga kengele likizidi, ili dada huyu akalale kwake. (Vigelegele.) Wataalamu waliniambia, "Mkuu, memori ni finyu, na kila kijenzi cha programu huja na vingine kinavyovitegemea, kwa hiyo tuweke vya lazima tu: kengele inahitaji saa, saa inahitaji betri, basi." Nikawauliza, basi vipi, na mimi niko wapi? (Kicheko.) Nikaelekeza iwekwe picha yangu nikitabasamu. Picha ikadai rangi, rangi ikadai skrini, na wimbo wa kunikaribisha ukaja na ukoo mzima, mashangazi kwa mashemeji, wote wanataka pa kulala! Memori ikajaa. Kwa kuwa ofisi yangu ni sikivu, nikasimamia mwenyewe zoezi la upunguzaji, na kwa uchungu mkubwa tukatoa kengele. (Minong'ono.)

"Sasa mkuu, friji likipata joto nitajuaje?" (Muuguzi.)

Usinikatishe, dada, nakuja huko. Kengele ilipotoka, saa ikakosa kazi, tukaitoa. Saa ilipotoka, betri ikakosa kazi, tukaitoa. Na hapo ndipo utafiti wetu wa kina ulipogundua kwamba hata picha yangu ilikuwa inaitegemea betri. Hivyo tumepunguza kwa asilimia mia moja na nne, rekodi ambayo haijawahi kufikiwa!

"Lakini asubuhi kengele si tumeisikia ikilia?" (Mama mmoja.)

Mmeisikia, mama, na ndiyo maana namalizia kwa shukrani. Namshukuru seremala kwa kisanduku, ambacho ndani kina nafasi ya kutosha kabisa. Namshukuru mchoraji kwa ile taa ya kijani, hata mimi nilidhani inawaka. Na namshukuru dereva wangu, aliyekaa chini ya meza hii tangu asubuhi na filimbi yake. Mfumo mdogo!

(Watu: "Mambo makubwa!")

Friji baridi!

(Umeme unakatika.)

Dereva, toka huko, twende zetu. (Dereva anatoka akijifuta vumbi. Muuguzi anamshika mkono, anamketisha kando ya friji.)

"Kaka, kipimajoto hicho hapo. Kikipanda, puliza. Mimi nakwenda kulala kwangu." (Vigelegele visivyokoma.)

Dada, mwachie dereva wangu. Dada! Jamani, huyo ndiye anayeniendesha! (Muuguzi ameshavuka geti.)

Basi, ndugu wananchi, asanteni sana kwa kunisikiliza. Kuna yeyote hapa anayeelekea mjini?