Ombi la Kutangaza Bwawa Langu Kuwa Salama Ili Mama Mkwe Arudi Kwake

Ndugu Mkaguzi wa Mabwawa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ndiye mwenye lile bwawa dogo la kumwagilia ulilolikagua wiki tano zilizopita, ukaondoka na buti zako za mpira na kuniachia karatasi nne na mama mkwe mmoja. Karatasi sina ugomvi nazo.

Silalamiki kwa ubaya. Wewe ni msomi na mimi ni mkulima, lakini bwawa hili nililichimba mwenyewe na shemeji yangu, na nalijua kama ninavyoujua mfuko wa suruali yangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mparachichi. Uliandika kwamba mti ulioota juu ya tuta la kuzuia maji ukatwe, kwa kuwa mizizi inatoboa udongo na kuyafungulia maji njia. Ndugu Mkaguzi, mti ule haukuota, niliupanda, na chini yake kuna kiti changu. Kama kuna mahali tuta limebonyea, ni pale kilipo kiti, na hilo ni suala la uzito wangu ambalo halihusu ofisi yako.

2. Mlango. Uliandika kwamba mfereji wa kutolea maji ya ziada nimeuziba kwa mlango wa zamani wa jikoni, na kwamba mvua kubwa ikinyesha maji yatapanda juu ya tuta na kulibomoa. Mlango ule niliuweka samaki wasitoroke. Tena mlango ni kitu cha kufunguliwa, una komeo. Komeo limeshika kutu tangu mwaka juzi, lakini lipo. Na maji yamewahi kupita juu ya tuta mara moja tu, yakaacha yenyewe bila kusemeshwa.

3. Unyevu. Chini ya tuta, penye mchicha wa mke wangu, ulichomeka kijiti chenye kitambaa chekundu ukaandika kwamba maji yanavuja. Maji yale ni meupe, unaweza kujiangalia uso. Maji yenye nia ya kubomoa tuta yangepoteza muda kumwagilia mchicha? Hata gari lako lilipokwama pale, lilikwama kwa amani.

4. Sasa tufike penyewe. Uliandika kwamba kila aishiye chini ya bwawa ahamie juu mpaka ukarabati ukamilike. Aishiye chini ya bwawa ni mmoja tu, mama mkwe. Nyumba iliyo juu ni moja tu, yangu. Mama mkwe alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na kitu kikishapigwa muhuri yeye hakijadili. Jioni ileile alifika na kitanda, redio na kuku saba.

Tangu siku hiyo naishi nyumbani kwangu kama mtu aliyeitwa kwenye usaili wa kazi. Nakula nimefunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Siwezi kukatiza sebuleni na taulo. Nikitaka kupiga miayo naenda zizini. Kusema kweli nimechoka, na mke wangu akiniona nimechoka anacheka.

5. Ile orodha ya ukaguzi wa kila siku ulimkabidhi mama mkwe badala yangu. Kila asubuhi anatembea juu ya tuta na daftari, na hilo sina neno. Lakini akimaliza tuta anakuja kwangu. Jana nilichungulia daftari nikakuta ameandika: "Mashimo: mawili, fulana ya mkwe. Magugu: kidevu cha mkwe. Ukarabati: haujaanza." Hilo la mwisho sijui kama ni la tuta au ni langu.

Kwa hiyo naomba uandike kwamba bwawa ni salama. Sentensi nimekuandalia kwenye karatasi ya pili, wewe uweke sahihi tu. Kama ni lazima hatari iwepo, tafadhali ielekeze upande wa jirani yangu, ambaye ni mjane na hana mkwe wa kumsumbua. Mimi mwenyewe nathibitisha kwa maandishi kwamba tuta ni imara kiasi kwamba hata wanangu wawili ningewalaza chini yake kila siku, nami nikakoroma.

Msalimie dereva wako, mwambie kiatu chake kimepatikana kwenye mchicha. Msalimie na yule karani mwenye muhuri, ingawa muhuri wake umeniponza. Huku wote wanakusalimu, pamoja na kuku.

Ni mimi, niliyefungwa vifungo,
Mwenye Bwawa

Tanbihi: Barua hii niliiacha mezani nikaenda kutafuta bahasha. Niliporudi nilikuta mama mkwe ameshaisoma na kusahihisha mahali pawili kwa kalamu nyekundu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Amesema mkwe wake akishathibitisha kwa maandishi, yeye ni nani apinge. Kitanda kiko kwenye mkokoteni, na wanangu wawili wamekaa juu yake na mito yao, wamefurahi kwelikweli, kwa sababu wanakwenda kulala kwa bibi kama baba alivyoandika.

Ndugu Mkaguzi, usiweke sahihi. Mawingu upande wa vilima ni meusi, na yale maji ya kwenye mchicha nimetoka kuyaangalia sasa hivi, yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, yanatoka na udongo wa tuta. Mlango wa mfereji nimeuvunja kwa shoka, samaki wameondoka wote bila kuaga. Mparachichi nimeuangusha, kisiki nimekuachia wewe uniambie cha kufanya. Njoo leo, wala usijibu kwa barua. Utanikuta nimekaa chini mbele ya gurudumu la mkokoteni, na shati nimefunga vifungo vyote.