Nani Atatangulia Kuvuka Daraja la Masanze

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimerudi. Nusu karne Tanga, na daraja la reli bado limesimama, ingawa treni hazipiti tena. Vijana wanaojitolea wanakwangua kutu na kupigilia mbao mpya, ili watu watembee na kuendesha baiskeli kuelekea Mikumi. Ng'ambo ya mto, kwenye majani marefu, umebaki msingi wa kota tuliyoishi baba alipokuwa mfanyakazi wa reli. Niliutazama mpaka macho yakauma. Devota, kiongozi wa vijana, akaniamkia shikamoo, kisha akaagiza mgeni apewe kiti.

Mgeni! Nilikaa. Kiti kilikuwa kizuri. Ndicho kilichoniuma zaidi.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango umepatikana. Daraja litafunguliwa Ijumaa, Nane Nane. Atakayetangulia kuvuka atakumbukwa, na anayekumbukwa si mgeni. Nilimweleza Devota, kwa sauti ya kizee, kwamba mila ya hapa hairuhusu daraja kukanyagwa kabla halijavukwa na mzee aliyezaliwa kando yake. Mila hiyo niliitunga asubuhi nikioga. Akauliza nani mwingine anaijua. Nikataja jina la kwanza lililonijia: Lukasi.

Kosa.

Jumatano, 6 Agosti

Lukasi ni mtani wangu. Babu zake walikuja na reli kutoka Tabora, na watu wao na wetu hutaniana bila huruma, hata msibani. Hakunipa pole ya safari. Aliuliza kama Tanga wamechoka kunilisha. Nikamsihi aithibitishe mila yangu. Akaithibitisha mbele ya vijana wote, kwa utulivu mkubwa, hata nikaingiwa na hofu.

Jioni nilishika brashi nipake vyuma vya daraja rangi, nionekane mwenyeji. Nimeharibu suruali niliyoiweka kwa ajili ya Ijumaa.

Ijumaa, 8 Agosti

Aibu. Nilianza kuvuka, watu nyuma yangu, msingi wa kota mbele yangu. Katikati ya daraja Lukasi alikuwa amelala chali, mikono kifuani kama maiti. Akatangaza kwamba sipiti mpaka nimletee jogoo. Nilibembeleza. Nilitisha. Watu walicheka mpaka baiskeli zikaanguka. Nikakimbia kuomba jogoo kwa Bi Joha, anayeishi karibu na daraja. Niliporudi, mbuzi wa Resiato, mama mfugaji wa ng'ambo, walikuwa wameshavuka wote, wakimruka Lukasi mmoja mmoja.

Devota alikasirika. Akamwuliza kwa nini anamtesa mgeni. Lukasi akajibu bila kuinuka:

"Mgeni ningempisha, mjukuu wangu. Huyu ni wetu."

Wakati huo jogoo akanitoroka, kwa hiyo sikupata nafasi ya kumjibu.

Jumapili, 10 Agosti

Jana nilivuka peke yangu. Nilikaa juu ya msingi, pale palipokuwa mlango. Mama alikuwa akisimama hapo kusikiliza kama treni ya baba inakuja. Nikasikiliza. Mto tu.

Kurudi, kila niliyekutana naye alinidai jogoo. Hata wanawake kisimani. Hata imamu. Nimeudhika. Mgeni asingetendewa hivi.

Lakini vijana wanaanza daraja la pili mwezi ujao. Nimemweleza Devota kwamba nilizaliwa kando ya hilo pia. Akataka shahidi. Safari hii nimetumia akili: sikumtaja Lukasi. Nimemtaja dada yake, Costancia. Mtani wa kike hana makuu.